VIJANA WA NSEMULWA NA URITHI WA MGODI

Kijana wa Nsemulwa, katika mji wa Mpanda, akisikia honi ya garimoshi hudhani kuwa reli ile ilijengwa kwa ajili ya abiria. Sivyo. Ilijengwa kwa ajili ya madini ya risasi. Siku hizi vijana wa huko wanajiuliza mji wao ulitoka wapi na unakwenda wapi. Swali hilo ni jema, nasi twaona yafaa wapewe jibu la kweli.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, kampuni ya Uruwira Minerals ilichimba risasi huko Mukwamba, pamoja na shaba, fedha na dhahabu. Serikali ya kikoloni ikajenga tawi la reli kutoka Kaliua, la kilometa zipatazo 210, lililofika Mpanda mwaka 1950. Watu wakaacha majembe wakaenda kutafuta mshahara. Lakini mwaka 1960 mgodi ulifungwa, na mwaka uliofuata, tarehe 9 Desemba, Tanganyika ikapata Uhuru. Kampuni ikaenda zake, wananchi wakabaki.

Walibaki na nini? Walibaki na mashimo, na walibaki na reli. Mashimo hayakumlisha mtu. Reli imesafirisha mazao na watu mpaka leo, na mwaka 2012 Mpanda ukawa makao makuu ya Mkoa wa Katavi. Basi urithi wa mgodi si yale madini yaliyokwenda ng'ambo, bali ni kile kilichobaki mikononi mwa wananchi yalipokwisha.

Twalisema hili kwa sababu leo vijana wengi wa Mpanda wanachimba dhahabu. Hatuwakatazi, kazi ni uhai. Lakini dhahabu si mahindi, haioti tena msimu ujao. Kijana apatapo fedha akaimaliza yote kwa anasa, hana tofauti na kampuni ile: yeye pia ameacha shimo. Bali akiuza dhahabu yake katika masoko ya madini yaliyoanzishwa nchini tangu mwaka 2019, akajiunga na wenzake katika ushirika, akasomesha watoto na kununua shamba au mizinga ya nyuki, huyo amejenga reli yake mwenyewe.

Tena kuna urithi mwingine, ambao ni hatari. Risasi ni sumu. Vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto. Zebaki, ambayo wachimbaji wadogo hukamatia dhahabu, nayo ni sumu, na moshi wake huingia mapafuni bila kubisha hodi. Kwa hiyo mahali palipomwagwa mabaki ya mgodi papimwe udongo kabla ya watu kujenga au kulima, na zebaki isichomwe karibu na nyumba wala kumwagwa mtoni. Afya ya mfanyakazi haina bei sokoni.

Nasi wana-Chama tukiri kosa letu. Tumewasimulia vijana historia ya viongozi, tukasahau historia ya mtu aliyesukuma toroli shimoni. Mzee aliyekuwa na miaka 20 mgodi ulipofungwa sasa amepita miaka 80. Kila azikwapo mmoja, twazika na kitabu ambacho hakijaandikwa. Matawi ya Chama na walimu wawatume vijana wakaketi na wazee hao mwaka huu, wala si mwaka ujao: wawaulize mishahara ilikuwa kiasi gani, nani aliumia, na siku ya kufungwa walikwenda wapi. Majibu yaandikwe na kuwekwa shuleni, watoto wayasome.

Wazee wao hawakuulizwa neno mgodi ulipofunguliwa, wala ulipofungwa. Vijana wa leo wanayo kura, wanao mkutano wa mtaa, nao wanaweza kumwuliza kila mchimbaji, mkubwa kwa mdogo: Ukiondoka, utatuachia nini? Waulize bila kuogopa. Na sisi viongozi tuwe wa kwanza kujibu.