Msomaji habari naye anataka kusomwa

Juma lililopita alinipigia simu mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye kwa miaka kadhaa amekuwa akisoma taarifa ya habari ya saa moja usiku kwenye runinga. Mkataba wake ulikuwa umekatizwa. "Mwalimu," akaniambia, "yaani nimetoka pale na mkoba tu. Kanda zote ni zao. Kitu changu ni ile blogu."

Nakiri kwamba niliwahi kumtania kuhusu blogu hiyo. Mtu anayeonekana na nchi nzima kila jioni anatafuta nini tena mtandaoni? Simu ile ilinirudisha kwenye swali hilo, na sehemu ya jibu nimeipata katika lugha yenyewe.

Hebu tulitazame neno "msomaji". Anayesoma gazeti hili ni msomaji, na anayetusomea habari runingani pia ni msomaji. Kiswahili hakikumficha mtu: anachosoma aghalabu kimeandikwa na wengine. Ripota ameileta habari, mhariri ameipunguza, kisha maneno yanapanda polepole kwenye kioo kilicho mbele ya kamera. Sauti ni yake, maneno si yake.

Mfano mzito zaidi ninaoujua ni wa redioni. Tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi waasi wa Jeshi la Wanahewa walimchukua Leonard Mambo Mbotela na kumlazimisha kutangaza katika Sauti ya Kenya kwamba serikali ya Rais Moi imepinduliwa. Uasi ulipozimwa, sauti ile ile ikatangaza kwamba serikali ingali mamlakani. Msomaji wa kawaida hasomi akiwa ameelekezewa mtutu wa bunduki, naam, ila naye hana ruhusa ya kuongeza "mimi naona".

"Mimi" huyo ndiye anayetafuta makao. Zamani alikimbilia vitabuni na magazetini. Marehemu Ken Walibora, aliyewahi kusoma habari, alitunga riwaya na kuandika makala. Blogu imeifupisha njia hiyo kwa sababu haimngoji mchapishaji. Habari ya dakika mbili huacha mengi kwenye daftari, na mengi hayo hupata pa kukaa. Tusisahau pia tumbo: jina linalosomwa huleta matangazo na mialiko ya kuendesha hafla, nayo hubaki hata mshahara ukikatika.

Waajiri wanalijua hilo, na wengine hawalipendi. Mwaka 2003, Kevin Sites, mwanahabari wa CNN aliyekuwa akiandika blogu yake binafsi kuhusu vita vya Iraq, alitakiwa na kituo chake aisitishe. Swali lililozuka wakati ule lingali nasi: jina la mtangazaji ni mali ya nani?

Tukirudi kwenye lugha, blogu ina neema na hatari. Humo nafsi ya kwanza inarejea: "nilikuwepo, nikaona, nikaogopa". Sentensi hulegea, "yaani" na "si unajua" zikaingia bila kubisha hodi. Mimi sioni ubaya. Hayo ni mazungumzo yaliyoandikwa, na Kiswahili kina nafasi ya kutosha kwa mazungumzo.

Hatari ni kwamba hakuna mhariri. Katika blogu ya mwanafunzi wangu nilisoma kwamba waziri "aliwakilisha" ripoti bungeni. Ripoti huwasilishwa, kinachowakilishwa ni mtu, kundi au eneo, kama vile mbunge anavyowakilisha wapigakura wake. Studioni kosa hilo lingeweza kunaswa kabla ya saa moja. Mtandaoni limekaa miezi, na kwa kuwa watazamaji wengi humchukulia msomaji habari kama mwalimu wa Kiswahili, sishangai kulikuta kwenye insha za wanafunzi.

Basi nilimwambia mambo mawili. Kwanza, asiiache blogu, kwa maana humo ndimo alimojifunza kusema kwa maneno yake. Pili, atafute jicho la pili kabla ya kuchapisha.

Akacheka. "Sasa mwalimu, jicho lenyewe si ndilo lako?"

Nimekubali. "Aliwakilisha" tumeshairekebisha.