Koltani haiishie mu telefone

Ndugu wachimbaji, uliza mtu yeyote hapa Bunyakiri: koltani inaenda kufanya nini huko Ulaya? Atakujibu: telefone. Ni kweli, lakini si yote. Iko kazi nyingine, na siye tuko na la kujifunza ndani yake.

Kule Uingereza, katika maabara ya Rutherford Appleton, kuna mashini kubwa inaitwa ISIS. Toka Desemba 1984 inatoa nyutroni. Nyutroni ni chembe ndogo sana iliyo ndani ya kiini cha atomu. James Chadwick aliigundua mwaka 1932. Haina umeme, njo maana inapenya chuma bila shida na kuonyesha yaliyo ndani: ufa, maji, mafuta.

Kuitoa ni kama kazi yetu: lazima upige. Mashini inazungusha protoni katika duara mpaka zipate zaidi ya asilimia 80 ya mwendo wa mwanga, halafu inazigongesha kwenye vipande vya wolfram. Protoni moja inarusha nyutroni zaidi ya kumi. Wolfram ni nzito sawa na dhahabu, na haiyeyuki mpaka joto lifike nyuzi 3422. Lakini vipande vile vinapozwa na maji, na maji yanakula wolfram polepole. Sasa wanaivalisha koti la tantali, ile ile inayotoka ndani ya koltani. Tantali maji hayaiwezi.

Kutoka pale wanajenga njia za nyutroni. Kwanza mwendo wake unapunguzwa kwa maji au kwa hidrojeni ya baridi kali. Kisha zinapita katika mabomba mpaka kwenye kitu kinachopimwa: chuma cha ndege, reli, batri, dawa.

Na hapa njo pa kusikiliza vizuri. Nyutroni zinaweza kuumiza mwili wa mtu. Kwa hiyo, mbele ya kufungua njia hata siku moja, wanajenga ukuta mnene wa chuma na beto. Mlango wa chumba cha kupimia unafungwa kwa ufunguo maalum: kama ufunguo haujarudi mahali pake, njia haifunguki. Hakuna bosi wa kusema "ingia tu, tuko na haraka". Ulinzi kwanza, kazi nyuma.

Tusidhani nyutroni ni mambo ya wazungu peke yao. Kinshasa, kwenye chuo cha Lovanium, kinu cha TRICO kiliwaka mwaka 1959, cha kwanza katika Afrika nzima.

Basi madini ya namna moja yana watu wawili: wa mwisho analindwa na beto, wa kwanza anashuka shimoni wakati wa mvua bila miti ya kushikilia udongo, bila hewa ya kutosha. Mama anangoja nyumbani, hajui kama baba atapanda. Hii si haki.

Tuko ndani ya koperative. Kwenye mkutano ujao tuombe hivi: mbele ya kugawana, sehemu ya pesa itoke kwanza kwa miti, motopompi na kofia. Na shimo lisilokaguliwa asubuhi, mtu asishuke. Huo njo ufunguo wetu.