Tonge Linalochemka Bila Moto

Sogeeni, wajukuu zangu, na yule aliyesimama mlangoni aingie, apate pa kukaa. Leo nawafundisha kutengeneza kitu kinachochemka ndani ya maji bila kuni wala mkaa, kisha kinayeyuka na kuyaacha maji yakinukia. Ni tonge la kuogea.

Kimeanzia mbali. Mwaka 1989, huko Dorset nchini Uingereza, mama mmoja aitwaye Mo Constantine alikuwa akifanya majaribio yake kwenye kibanda cha bustani. Alivutiwa na vidonge vya Alka-Seltzer, vile ambavyo mtu hutumbukiza kwenye glasi ya maji tumbo linapomsumbua, vikaanza kufoka. Akawaza: kidonge cha namna hiyo kikifanywa kikubwa, kikatiwa manukato, kwa nini kisitiwe kwenye maji ya kuoga? Akalitengeneza tonge la kwanza. Baadaye yeye na wenzake walianzisha kampuni ya Lush, na matonge yake yakaenea dunia nzima.

Wenzetu hao hujaza maji bafuni, mtu akajilaza humo. Sisi hapa wilayani Misungwi, kando ya Ziwa Victoria, wengi tunaoga kwa ndoo na kopo, na tonge likitumbukizwa kwenye ndoo utajimwagia mara chache tu, raha imekwisha. Mimi nasema mahali pake hapa kwetu ni kwenye beseni la miguu. Mama ameshinda ameinama kwenye majaruba ya mpunga, au ametoka kuchuma pamba, jioni anakaa kitini, anatumbukiza miguu kwenye maji ya uvuguvugu na tonge moja dogo. Hapo kitu hiki kina kazi ya maana.

Sasa, linachemkaje?

Ndani yake mna unga wa aina mbili. Wa kwanza ni ule mweupe wa kutia kwenye mikate na keki, ambao pakiti yake imeandikwa Baking Soda; mimi nitauita unga wa soda. Msichanganye na hamira, wala na ile nyingine iitwayo Baking Powder, kwa kuwa hiyo tayari imetiwa asidi na wanga kiwandani. Wa pili ni asidi ya sitriki, chembe nyeupe zenye ukali uleule wa limau. Zikiwa kavu, hizi mbili zinaweza kulala pamoja kwenye kopo bila kufanya lolote. Zikipata maji, zinayeyuka, zinakutana, na papo hapo inazaliwa hewa ya ukaa, ileile inayofanya soda ya chupa itoe mapovu. Yale mnayoyaona yakichemka ni hewa hiyo ikikimbilia juu. Gusa maji wakati huo: hayapati moto hata kidogo, bali hupoa kidogo, kwa sababu mabadiliko hayo hunyonya joto.

Mmoja wenu ataniuliza, “Bibi, kwa nini tusikamulie tu limau?” Swali zuri mno. Limau lina asidi hiyohiyo. Mkemia Carl Wilhelm Scheele wa Sweden aliitenga kutoka kwenye maji ya limau mwaka 1784. Lakini ndani ya limau asidi imekwisha kuyeyuka kwenye maji. Ukilikamulia kwenye unga wa soda, mchemko wote utaishia kwenye bakuli, na beseni litabaki bila kitu. Ukwaju nao una maji maji. Siri ya tonge ni ukali ulio mkavu.

Je, kuna tunda lenye ukali mkavu? Lipo, na mnalila kila siku. Pasua buyu, toa ubuyu: ule unga mweupe unaozunguka mbegu unakaukia ndani ya ganda lake, bado mtini, na una asidi kadhaa, ile ya sitriki ikiwemo. Kila ninapoufikiria hunistaajabisha, kwamba mbuyu umekwisha kufanya kazi ambayo viwanda hujengewa mitambo. Asidi ya pakiti siku hizi haikamuliwi tena kutoka kwenye malimau. Hutolewa na ukungu mweusi unaolishwa sukari kwenye matangi makubwa. Unga wa ubuyu hufoka kwa upole zaidi, na haushikani vizuri kuwa tonge, basi mkiutumia, uchanganyeni na unga wa soda, mkautie kwenye maji ukiwa unga vilevile. Nauzungumzia ubuyu mweupe, si ule mwekundu wa dukani uliopikwa na sukari na rangi.

Na soda yenyewe? Ndugu yake mnamjua jikoni: magadi yale ya mawe anayotia mama kwenye maharage au mlenda. Magadi ya namna hiyo hupatikana Ziwa Natron, kaskazini mwa Mkoa wa Arusha, chini ya mlima Ol Doinyo Lengai. Mlima huo hutoa zaha yenye soda nyingi, na hakuna volkano nyingine hai duniani ijulikanayo kutoa zaha ya namna hiyo. Inatoka nyeusi, ikipata unyevu inageuka nyeupe. Chemchemi za moto na mvua hupeleka chumvi hizo ziwani, na kwa kuwa Ziwa Natron halina mto wa kutokea, jua huchukua maji na kuacha magadi. Ziwa letu Victoria lina mlango pale Jinja, Mto Naili ukaondoka na chumvi zake, ndiyo maana maji yetu yamebaki baridi na matamu. Lakini sikilizeni vizuri: magadi ya mawe ni makali, yana kaboneti ya sodiamu, yatawachubua ngozi. Yabaki kwenye maharage.

Haya, tupime. Kikombe kimoja cha unga wa soda, nusu kikombe cha asidi ya sitriki, nusu kikombe cha wanga wa mahindi au wa muhogo, na robo kikombe cha chumvi laini. Wanga unapunguza kasi ya mchemko ili usiishe kwa pupa. Soda imezidi asidi kwa makusudi, ili maji yasibaki na ukali. Changanyeni vyote vikiwa vikavu, mkivunja madonge kwa vidole, na mtu mzima awe karibu, kwa sababu vumbi la asidi likiingia jichoni linawasha vibaya. Mwenye mkwaruzo mkononi avae glovu.

Halafu mafuta, vijiko viwili vya chakula. Ya nazi ni mazuri, ya alizeti pia. Ya pamba yaliyosafishwa nayo yanafaa, na kwetu pamba ina heshima yake: kituo cha utafiti cha Ukiriguru, hapahapa wilayani, ndiko zilikotoka mbegu za UK 77 na UK 91 walizolima wazazi wenu. Manukato nawaachia ninyi, ila mimi napenda mchaichai uliokaushwa kivulini na kutwangwa hadi uwe laini, au maganda ya chungwa makavu. Majani mabichi hapana, yana maji.

Hatua inayofuata ndiyo inayowashinda wengi, kwa kukosa subira. Chovyeni ncha za vidole kwenye maji, mnyunyize, mchanganye upesi. Mnyunyize tena kidogo, mchanganye. Mkisikia unga unachachatika, mmezidisha. Finyeni konzi moja: ukishikana kama mchanga mbichi wa ufukweni na usibomoke, umefika. Shindilieni kwa nguvu kwenye kikombe kidogo cha kahawa, pindueni juu ya sahani, mliache tonge usiku kucha na mchana unaofuata bila kuligusa. Fanyeni kazi hii Juni hadi Agosti, mvua zikiwa zimekwisha. Wakati wa masika hewa yetu ya ziwani ina unyevu, na tonge linaweza kuvimba na kupasuka mezani kabla ya siku yake.

Matonge yakikauka kabisa, yatieni kwenye kopo kavu lenye kifuniko. Yakiwa mabichi msifunike, na kamwe msitie mchanganyiko huu na maji ndani ya chupa mkaiziba. Gramu 84 za unga wa soda zikipata asidi ya kutosha hutoa hewa inayozidi ujazo wa ndoo ya lita 20. Ndani ya chupa hewa hiyo haina pa kwenda, itaipasua usoni mwenu.

Maji ya beseni yawe ya bomba au ya kisima. Kama ni ya lambo au ya ziwa, yachemsheni kwanza kisha yapoe, kwa kuwa vijidudu vya kichocho hutoka kwenye konokono wa majini na kupenya ngozi ya mguu bila mtu kuhisi. Mwenye kidonda au kisukari asiwekewe tonge, wala mtoto mchanga. Na mafuta huteleza: panguseni sakafu kabla bibi au babu hajasimama.

Kuna mchezo mmoja nimeuacha mwisho kwa makusudi. Chukueni maua makavu ya rozela, wengine huyaita choya, myaloweke kwenye maji ya moto hadi yawe mekundu. Gaweni kwenye glasi tatu, ya tatu iwekeni kando. Ya kwanza tieni chembe za asidi, nyekundu itakolea. Ya pili tieni unga wa soda kidogo kidogo, mtaona nyekundu ikihama kuelekea zambarau, kisha buluu yenye ukijani. Rangi ya rozela inawaambia nani ameshinda kati ya soda na asidi. Basi kesho mkilitumbukiza tonge lenu kwenye beseni na mchemko ukaisha, tieni maji yake kwenye ile glasi ya tatu ya rozela, mniambie imegeuka rangi gani na kwa nini.