Kabla Maji Hayajarudi Mtoni

Katika Kata ya Digodigo, wilayani Ngorongoro, maji yana sheria zake. Kwa vizazi vingi Wabatemi, ambao wengi huwaita Wasonjo, wameyaongoza maji ya chemchemi na vijito kwa mifereji hadi mashambani, na baraza la wazee waitwao wenamiji limeyagawa kwa zamu. Utaratibu huo huhakikisha kwamba kila mwenye haki anapata maji. Kwetu sisi wa sekta ya afya linabaki swali la pili: nani anahakikisha kuwa maji hayo ni safi?

Kipindupindu kilichozuka Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 kilienea katika sehemu kubwa ya nchi, na mwaka 2018 Wilaya ya Ngorongoro ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoripoti wagonjwa. Vimelea vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu hutoka katika kinyesi. Vikifika mtoni, anayechota maji bondeni hunywa uchafu wa anayeishi juu yake.

Mfano wa Mabogini

Mjini Moshi, majitaka yanayokusanywa kwa mabomba hupelekwa Mabogini, kwenye mfululizo wa mabwawa. Mfumo wa namna hii hauhitaji mitambo mingi. Kazi kubwa hufanywa na muda, jua na viumbe vidogo.

Bwawa la kwanza huwa na kina cha mita 2 hadi 5. Humo hamna oksijeni; uchafu mzito hutuama na bakteria huumeng'enya. Bwawa la pili ni la kina kifupi zaidi. Mwani wa kijani huota juu yake na kutoa oksijeni mchana, nayo huwawezesha bakteria wengine kula uchafu uliosalia. Katika mabwawa ya mwisho, yenye kina cha takribani mita moja, mwanga wa jua hupenya na kuua vimelea, huku mayai ya minyoo yakiwa yamekwisha kuzama katika tope.

Siri yake ni subira. Maji yakipitishwa haraka, au tope lisipoondolewa kwa wakati, vimelea hufika mtoni vikiwa hai.

Huko Mabogini wakulima wa mpunga huyatumia maji yanayotoka mabwawani. Yana rutuba, lakini si ya kunywa. Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba maji ya kumwagilia mazao yanayoliwa mabichi yasiwe na zaidi ya yai moja la minyoo kwa lita. Mwongozo wake wa mwaka 2006 ulisisitiza vizuizi vingi kwa pamoja: kusafisha maji, kuchagua mazao, kuosha na kupika.

Pasipo mabwawa

Digodigo, kama vijiji vingi, hutegemea vyoo vya shimo. Hata hivyo kanuni ni ileile: kukizuia kinyesi mahali pamoja, kwa muda wa kutosha, mbali na maji. Choo kichimbwe angalau mita 30 kutoka kwenye chemchemi au mfereji, upande wa chini yake. Tope la choo lisimwagwe shambani likiwa bichi. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini, na mikono ioshwe kwa sabuni.

Mgonjwa aliyepona kuhara aendelee kutumia choo na kunawa kwa uangalifu, kwani anaweza kutoa vimelea kwa siku kadhaa baada ya dalili kuisha. Mhudumu wa afya naye asiishie kuandika dawa. Amwulize kila mgonjwa wa kuhara: "Maji mnachota wapi, na choo kiko wapi?" Wagonjwa wawili wakitaja mfereji mmoja, afisa afya aarifiwe siku hiyohiyo.

Wazee wanaogawa maji kwa zamu wanasikilizwa kuliko bango lolote. Wakikaa pamoja na wahudumu wa afya, usafi wa mfereji unaweza kuwa sehemu ya sheria ya maji, na atakayechota chini atalindwa na aishiye juu.