Nyumba Zilizofichwa Ubavuni mwa Kilima

Msafiri apitaye leo nyanda za juu za Mbulu, akiona mabati yakimeremeta kila upande, aghalabu hatambui ya kuwa maskani ya kale ya Wairaqw yalijengwa kwa muradi wa kutoonekana: yalichimbwa ubavuni mwa kilima, hata adui aliyekuja kwa upande wa juu asione ila udongo na majani.

Fundi alichagua mteremko, akaukata na kuusawazisha, akasimamisha nguzo zenye panda, akalaza boriti, kisha fito zilizobanana, kisha nyasi, na juu ya yote akashindilia udongo. Paa likawa bapa, nalo kwa nyuma likaungana na ardhi. Ndani watu na ng'ombe walilala chini ya paa moja, na moshi wa jikoni ukapanda kwenye fito, ukazikausha, ukawafukuza wadudu.

Khofu ya Wamaasai, waliokuja kuteka mifugo, ndiyo iliyomfunza mjenzi hadhari hiyo. Walakini khofu haikuwa sababu pekee. Irqwar Da'aw, chimbuko la Wairaqw, ni nchi finyu yenye watu wengi, na shamba lisilopumzishwa halina budi kulishwa. Basi ng'ombe aliyelazwa ndani usiku alisalimika na mwizi, na asubuhi akamwachia mwenyewe samadi ya kupeleka shambani.

Katika miaka ya 1890 sotoka ikaangamiza ng'ombe na nguvu ya Wamaasai ikapungua. Kisha ukaja utawala wa Wajerumani, na Wairaqw wakaenea hata Karatu na Hanang. Kwa kuwa haja ya kujificha ilikwisha, nyumba nayo ikatoka ardhini, ikawa msonge wa nyasi, na hatimaye tofali na bati.

Wako waionao tembe hiyo kuwa dalili ya ujinga. Hao na wajue ya kuwa huko Dartmoor, Uingereza, wakulima nao walijenga nyumba ndefu za mawe penye mteremko, watu wakikaa upande wa juu na ng'ombe upande wa chini, mfereji ukitoa uchafu nje. Na leo nyingi kati ya hizo zinalindwa kwa sheria.

Sisi tuna Kijiji cha Makumbusho jijini Dar es Salaam, nacho chastahili sifa. Lakini nyumba ambayo ukuta wake ni kilima chenyewe haihamishiki. Atakaye kuihifadhi na aihifadhi Mbulu, maadamu wangalipo wazee wajuao kuijenga.