Kabla ya Kujenga, Udongo Uulizwe

Mwaka 1953, bodi ya shule ya mji wa Niagara Falls, katika jimbo la New York nchini Marekani, iliuziwa kiwanja kwa dola moja. Chini yake palikuwa na mfereji wa zamani uliofukiwa, na ndani yake zaidi ya tani 20,000 za taka za kiwanda cha kemikali. Hati ya mauzo yenyewe ilitaja taka hizo. Hata hivyo shule ikajengwa, nyumba zikaizunguka, na watoto wakacheza juu ya ardhi hiyo kwa miaka mingi, hadi mvua ilipoipandisha sumu mpaka nyuani na ndani ya nyumba. Agosti 1978, Rais Jimmy Carter alitangaza hali ya dharura katika mtaa huo, uitwao Love Canal, na mamia ya familia zikahamishwa.

Baada ya msiba huo ilitungwa sheria ya mwaka 1980, iliyowabebesha gharama za kusafisha sio tu waliochafua, bali mara nyingi hata mmiliki mpya wa ardhi. Nia ilikuwa njema, lakini hofu ikazaliwa. Wanunuzi waliviepuka viwanja vya viwanda vilivyofungwa, na wenye viwanja hawakutaka kupima, kwa kuwa anayepima hujua, na anayejua huwajibika. Viwanja vikabaki magugu katikati ya miji, aghalabu kando ya makazi ya watu wa kipato cha chini.

Fundo hilo lilifunguliwa kwa fedha za umma. Katika miaka ya 1990, Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani lilianza kwa majaribio kuzipa halmashauri ruzuku za kukagua ardhi ya namna hiyo, na sheria ya Januari 2002 ikaufanya mpango huo kuwa wa kudumu. Sheria hiyo pia ilimpa kinga mnunuzi asiye na hatia, mradi awe amefanya uchunguzi unaostahili kabla ya kununua. Mwaka 2021 mpango huo ulitengewa dola bilioni 1.5 zaidi.

Ukaguzi wenyewe huenda kwa hatua mbili. Ya kwanza haichimbi kitu: wataalamu husoma hati na ramani za zamani, hutembelea kiwanja, na huwahoji wanaokijua. Palikuwa na kituo cha mafuta? Karakana? Kiwanda cha ngozi? Shaka ikithibiti, hufuata hatua ya pili ya kuchukua sampuli za udongo na maji ya chini ya ardhi na kuzipeleka maabara. Ndipo huamuliwa kama panafaa nyumba, au bustani, au pasafishwe kwanza.

Sisi tunaoishi katika mwambao huu tunao mfano wa karibu zaidi. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, wenye wakazi wapatao 3,000, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilieneza madini ya risasi mpaka kilipofungwa mwaka 2014. Risasi huwadhuru watoto kuliko watu wazima: hudumaza akili inayokua, na mtoto huila kwa vidole alivyochezea mchangani. Julai 2020, mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya na mtaa usafishwe. Hukumu hiyo ilitenguliwa katika rufaa, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Wazazi walisubiri miaka mingi kwa jambo ambalo vipimo vya mapema vingelidhihirisha kwa gharama ndogo mno.

Hapa ndipo tunapoiona hoja yenyewe. Swali la iwapo udongo ni salama halina mnunuzi sokoni. Mwenye kuuza hafaidiki nalo, na familia inayotafuta pa kujisitiri haina uwezo wa kulilipia. Halmashauri inayopima mipaka ya viwanja kwa fedha za umma haina budi kupima pia kilichomo ndani ya mipaka hiyo, hasa pale panapokusudiwa shule au makazi. Na aliyechafua asisamehewe: ruzuku za Marekani hazimlipii mwenye kuwajibika kwa uchafuzi.

Mpaka hayo yatimie, hatua ya kwanza ya ukaguzi imo mikononi mwetu. Familia inayonunua kiwanja, au jumuiya inayopewa ardhi ya madrasa, iwaulize wazee wa mtaa kabla ya kutia saini: hapa palikuwa na nini? Jibu likiwa ni gereji, jalala au betri, ujenzi usubiri vipimo. Kusubiri huko hakumdhuru mtu, ilhali ubongo wa mtoto ukishadhurika na risasi haurejei ulivyokuwa.