Maarifa Yaliyo Mikononi

Taasisi yoyote, iwe kiwanda, benki au shule, ina akiba ya aina mbili. Ya kwanza ni mali inayohesabika: fedha, majengo na mitambo. Ya pili ni maarifa ya watu wake. Baadhi ya maarifa hayo yameandikwa katika majalada. Mengine yamo mikononi mwa mafundi, ambao huyatenda vyema bali aghalabu hawawezi kuyaeleza. Haya ndiyo yaliyo hatarini, kwa kuwa hayana nakala: fundi astaafupo, huondoka nayo.

Kisa kilichotukia Osaka, nchini Japani, kinafafanua jambo hili. Mwaka 1985, wataalamu wa kampuni ya Matsushita, iitwayo Panasonic tangu 2008, walikuwa wakiunda mashine ya kuoka mkate nyumbani. Mkate ulitoka umeungua nje ilhali ndani haujaiva. Walilinganisha picha za eksirei za unga uliokandwa na mashine na ule uliokandwa na waokaji stadi, wasipate jibu.

Ndipo mmoja wao, Ikuko Tanaka, alipokwenda kujifunza kwa mwokaji mkuu wa Osaka International Hotel, iliyosifika kwa mkate wake. Akiwa mwanagenzi, alitambua kwamba mwokaji huyo hakuukanda unga tu, bali aliuvuta huku akiusokota. Baada ya mwaka mzima wa kujaribu na kusahihisha, Tanaka na wahandisi waliweka ndani ya mashine kingo zilizotokeza mithili ya mbavu, ili unga usokotwe vivyo hivyo. Mashine ilipotoka mwaka 1987, ilivunja rekodi ya mauzo ya mwaka wa kwanza kwa vyombo vipya vya jikoni.

Profesa Ikujiro Nonaka, aliyekisimulia kisa hiki mwaka 1991, alizibainisha hatua zake: ujuzi ulimwingia mwanagenzi kwa kutenda, ukageuzwa maneno na vipimo, ukaunganishwa na uhandisi, hatimaye ukawa mazoea ya wengi.

Taasisi isiyo na utaratibu kama huo hulipa mara mbili: kwanza kwa kazi mbovu, kisha kwa kutafuta upya yaliyokwisha kujulikana. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa maarifa ya mikononi, hapana budi daftari la kwanza liwe mwanagenzi, aketiye kando ya fundi kabla siku ya kustaafu haijawadia.